Wakala kaniandikia maelezo binafsi mazuri, ila aliyemo humo si mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19, nyumbani ni Tanga. Nimemaliza kidato cha sita Mei mwaka huu, mchepuo wa PCM, nikapata daraja la kwanza pointi 7: Hisabati B, Fizikia B, Kemia C. Nimerudi juzi kutoka JKT Ruvu. Nataka kusoma uhandisi wa ujenzi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi Leicester tangu sijazaliwa. Yeye ndiye aliyesema nikasome Uingereza na ndiye atakayelipa. Alimtafuta wakala Dar es Salaam, akamlipa, na wakala akanifungulia akaunti ya UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vikuu vya Uingereza, kwa barua pepe aliyoitengeneza mwenyewe. Wiki iliyopita kanitumia kwa WhatsApp maelezo binafsi aliyoniandikia, yaani yale ya mwombaji kujieleza kwa vyuo, kazi yangu iwe kusoma na kusema sawa.

Shangazi, ni mazuri mno. Kiingereza kinateleza. Lakini yanasema kwamba tangu nina miaka sita nilikuwa naota kujenga madaraja, kwamba nilijitolea miezi mitatu na shirika lililojenga daraja kijijini Rufiji, na kwamba nimesoma vitabu vitatu vya uhandisi ambavyo hata majalada yake sijawahi kuyaona. Rufiji kwenyewe sijafika. Nilipomuuliza alicheka, akasema wote wanafanya hivyo, "wale Wazungu hawana muda wa kuja Rufiji kuhakiki."

Nilijaribu kuandika ya kwangu nikaishia mistari minne. Sina la kuandika. Shuleni kwetu hakukuwa na klabu yoyote ya uhandisi, sijashinda shindano, sina cheti cha kujitolea. Likizo zangu zimeishia kwa babu mzaa mama, ambaye ni fundi mwashi hapa Ngamiani. Namwandikia hesabu za saruji na mchanga kwa sababu macho yake yamechoka, na namsikiliza akigombana na wenye nyumba wanaotaka atumie mchanga wa ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Hayo nayo ni ya kumwandikia mtu wa chuo kikuu?

Mama anasema nikubali tu, nisimvunje moyo mjomba. Naogopa nikikataa nitaonekana sina shukrani. Na ile C ya Kemia, niielezee au ninyamaze?

Mwenye mashaka, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa matokeo, na pole kwa jua la Ruvu.

Maelezo ya wakala usiyatume. Nakwambia mapema ili usisome hadi mwisho ukidhani natafuta njia ya katikati.

Habari ya ukweli na uongo wazazi wako wameshakufundisha, mimi nitakueleza mambo ya kazi. Maelezo yote yanayoingia UCAS hupitishwa kwenye programu inayoyalinganisha na mengine yaliyowahi kutumwa. Mwaka 2007 yalichunguzwa maombi 50,000 hivi, wakakutwa waombaji 234 wanaosimulia kisa kilekile: kwamba walipokuwa na miaka minane walichoma tundu kwenye pajama zao wakichezea vifaa vya kemia, na toka hapo wakaipenda sayansi. Watoto 234, pajama 234. Wakala anayehudumia vijana arobaini kwa msimu hatungi visa arobaini. Nina wasiwasi huko Rufiji yameshajengwa madaraja mengi kuliko yanayohitajika, yote na vijana wa kujitolea.

Tuseme programu haikushtuka. Baadhi ya vyuo humwita mwombaji kwenye usaili wa video, na vingine huzungumza naye tena kabla ya kumpa CAS, ile hati ya chuo inayotumika kuombea viza. Afisa wa viza naye anaweza kukuhoji. Hakuna atakayepanda basi kwenda Rufiji. Atakuuliza tu: daraja lile lilikuwa la mbao au la zege? Upana wake ulikuwa mita ngapi? Mlipokuwa mnaweka nguzo, maji mliyazuiaje? Saa hiyo wakala hayupo. Na ikibainika umedanganya, UCAS wanaweza kufuta maombi yako, na chuo kinaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshafika.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko hilo daraja ni akaunti. Barua pepe ni yake, maana yake majibu ya vyuo yatafika kwake kwanza, naye anaweza kukubali au kukataa kwa jina lako. Mwombe akukabidhi leo, ubadilishe barua pepe na neno la siri. Kisha pitia kila alichokijaza. Aliyekubunia miezi mitatu ya kujitolea anaweza pia kukubunia barua ya mwalimu, au karatasi ya benki baadaye. Udanganyifu kwenye maombi ya viza yenyewe unaweza kukufungia Uingereza hadi miaka 10, na atakayefungiwa ni wewe mwenye pasipoti. Akikataa kukabidhi, wasiliana na UCAS wewe mwenyewe uwaeleze.

Sasa tuje kwenye mistari yako minne.

Kuanzia waombaji wa kuingia chuo mwaka 2026, UCAS hawataki tena insha moja ndefu. Wanauliza maswali matatu: kwa nini unataka kusoma fani hii, masomo yako yamekuandaaje kwa ajili yake, na nje ya masomo umefanya nini cha kukuandaa, na kina faida gani. Majibu yote matatu kwa pamoja yasizidi herufi 4,000 ukihesabu na nafasi za katikati, na kila jibu lisipungue herufi 350. Hayalazimiki kulingana urefu. Maelezo hayohayo yanakwenda kwenye vyuo vyote utakavyovichagua, hadi vitano, kwa hiyo usitaje chuo chochote kwa jina.

Atakayeyasoma mara nyingi ni mhadhiri wa idara au ofisa udahili mwenye rundo mbele yake. Alama zako keshaziona, hajali ulichoota ukiwa na miaka sita. Anataka kujua kama ukikutana na jambo la fani yake unalifikiria, au unalipita. Basi.

Ndiyo maana barua yako ilinichekesha kidogo. Unasema huna la kuandika, halafu katikati ya malalamiko unanitajia babu anayegombana na wenye nyumba kwa ajili ya mchanga wa ufukweni. Mwanangu, hilo ndilo la kuandika! Wakala wako hakuliona kwa sababu hakukuuliza swali hata moja.

Kwa nini babu anaukataa mchanga ule? Yeye atakwambia nyumba inatoa chumvi na nondo zinaoza. Uzoefu wa mikono huo. Wewe una kidato cha sita cha Fizikia na Kemia, sasa mwulize maswali mpaka achoke. Ndani ya zege zuri nondo haiozi kirahisi, kwa kuwa saruji ina ualikali mkali unaokifanya chuma kijivike utando mwembamba wa kukilinda. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi ya bahari inautoboa utando huo. Kutu inapoanza inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo inalisukuma zege kutoka ndani hadi linapasuka na kumeguka. Katika mji wa pwani kama wenu haikosi baraza au slabu ya zamani yenye nondo zilizotoka nje. Nenda ukaangalie upya, safari hii na daftari.

Na usiishie kuangalia. Una muda wa kutosha, kwa hiyo tafuta chupa tatu za plastiki zenye vifuniko na misumari mipya isiyopakwa zinki. Ya kwanza tia maji ya bomba. Ya pili maji yaliyokorogewa chokaa ya kujengea, ukaacha yakatuama. Ya tatu maji hayohayo ya chokaa pamoja na chumvi. Funga, weka tarehe, piga picha kila baada ya siku chache. Andika utakachokiona, hata kikikataa kufanana na ulichotarajia. Hasa kikikataa, kwa sababu hapo utalazimika kujiuliza kwa nini. Mhadhiri wa uhandisi akisoma kwamba msichana wa Tanga alisikia ubishi wa mchanga kwenye kazi ya babu yake, akaenda kuujaribu kwa misumari na chupa za maji, atasimama hapo. Miezi mitatu ya kujitolea angeiruka na macho.

Hesabu za babu nazo usizidharau. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), mifuko mingapi kwa lenta ya urefu fulani, karai lililojaa sana linavyoharibu uwiano: hayo ni majibu ya swali la tatu. Vipi siku mlipokosea makadirio, saruji ikaisha slabu iko nusu? Fundi gani hajapatwa na hilo. Kama lilitokea, lieleze na mlivyolitatua. JKT ipe sentensi moja tu, na iwe ya jambo ulilolifanya. Ule wimbo wa "nilijifunza nidhamu na uzalendo" kila aliyepita kambini anauimba.

Sitakuandikia hata sentensi moja ya kwako, maana nitakuwa nimegeuka wakala wa pili. Nitakupa ya kijana wa kubuni anayeomba uhasibu. Akianza hivi: "Nina shauku kubwa ya uhasibu, na tangu utotoni nimependa namba," nimeshamsahau kabla sijafika kwenye nukta. Akianza hivi: "Mama ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 25. Siku ya kugawana, daftari na sanduku vilipishana kwa shilingi 40,000, watu wakaanza kutazamana. Nilipitia kurasa zote nikakuta marejesho mawili ya mkopo yameandikwa kwenye safu ya hisa. Hakuna aliyeiba, daftari ndilo lililoruhusu kosa lipite. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza daftari linapangwaje ili kosa la namna hiyo lijionyeshe lenyewe." Huyo nataka kumsikia zaidi. Hana klabu wala cheti. Ana kikoba cha mama yake na swali alilolibeba kutoka pale.

Umeona pia kwamba hakusema "nina bidii" wala "ni mwaminifu." Katika rasimu yako, kila ukikuta sifa ya namna hiyo, ifute uweke tukio. Kama tukio halipo, sifa nayo iende.

Kuhusu Kiingereza: usianze kwa Kiingereza. Nadhani ndicho kilichokukwamisha kwenye mistari minne, kwa sababu ulikuwa unatafuta maneno makubwa kabla ya kujua unachotaka kusema. Washa kinasa sauti cha simu, msimulie rafiki yako ugomvi wa mchanga kwa Kiswahili, kama unavyosimulia barazani. Sikiliza, andika, ndipo uhamishe kwenye Kiingereza chako cha kidato cha sita, sentensi fupi fupi. Mwalimu wako wa Kiingereza akusahihishie sarufi na aishie hapo. Hizi programu za akili mnemba unaweza kuzitumia kukuuliza maswali au kukuonyesha palipopinda, lakini ukiziachia zikuandikie, UCAS wanaweza kuhesabu kuwa ni udanganyifu kama huu wa wakala. Na zitakurudisha kulekule kwenye ndoto za utotoni, nakuhakikishia.

Barua ya mwalimu iombwe mapema. Mtafute mwalimu wa Fizikia au Hisabati anayekujua kwa sura, mpe na rasimu yako aone unachokisema ili naye aseme kingine. Matokeo yako yameshatoka, hivyo hana haja ya kukubashiria alama.

UCAS huanza kupokea maombi yaliyokamilika Septemba. Tarehe 15 Oktoba ni ya Oxford, Cambridge, udaktari wa binadamu, wa meno na wa mifugo. Wengi waliobaki, wewe ukiwemo, mwisho wao ni katikati ya Januari, saa 12 jioni ya Uingereza, ambayo Tanga ni saa 3 usiku. Usingoje usiku huo. Kabla ya kuchagua vyuo, fungua ukurasa wa kila chuo unaohusu waombaji kutoka Tanzania: vingine vinaipokea ACSEE, yaani matokeo yako ya kidato cha sita, moja kwa moja, vingine vinataka kwanza mwaka wa msingi, wa maandalizi kabla ya shahada, na mwaka huo una ada yake.

Dirisha la udahili hapa nyumbani likiwa bado wazi, omba pia. Huku hakuna maelezo binafsi, wanatazama matokeo yako na sifa za programu. Pointi zako haziwezi kukaa kabatini zikisubiri Leicester.

Sasa mjomba. Mama yako hajakosea kuhofia kumvunja moyo, ila mjomba amelipia usome, na maelezo haya yanaweza kukunyima hata hiyo nafasi ya kusoma. Usimwendee na malalamiko matupu. Andika rasimu yako kwanza, hata ikiwa mbovu, msomee mama kwa Kiswahili, kisha mpigie mjomba. "Mjomba, shikamoo. Nashukuru sana kwa yote uliyoyafanya. Wakala ameniandikia mambo ambayo sikuyafanya, na nikiulizwa nitakwama. Nimeandika yangu, ya babu na kazi zake, naomba uyasome uniambie." Mwanaume aliyekaa ugenini miaka yote hiyo, ukimtumia habari za baba yake akibishana na wenye nyumba Ngamiani, nina shaka kama atagomba. Hata akigomba, mwache amalize, kisha mwombe tena ayasome.

Katika simu hiyohiyo mwulizeni mambo mawili. Moja, wakala analipwa na nani. Vyuo vingi vya Uingereza huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha, hivyo si ajabu vyuo atakavyokuchagulia vikawa vinavyomlipa yeye, na ada aliyomtoza mjomba ikawa malipo ya pili. La pili ni fedha. Uhandisi kwa mwanafunzi wa kigeni mara nyingi ni pauni 20,000 na zaidi kwa mwaka, kwa miaka mitatu au minne. Na kwa viza, ada ya mwaka wa kwanza na fedha za kujikimu hadi miezi tisa lazima ziwe zimekaa siku 28 mfululizo kwenye akaunti yako au ya mzazi wako au mlezi wako wa kisheria. Akaunti ya mjomba, kama si mlezi wako kisheria, haikubaliki. Kuna familia hulijua hilo siku chache kabla ya safari, chuo kikiwa kimeshamkubali mtoto, na msimu ukapita.

Ile C ya Kemia usiiombee radhi. Kama kulikuwa na ugonjwa au msiba wakati wa mtihani, mwalimu ndiye aseme kwenye barua yake. Wewe herufi zako 4,000 usizipoteze kujitetea. Kutu ni kemia, chokaa ni kemia, na ukiweza kueleza kwa maneno yako kilichotokea kwenye ile chupa ya tatu, anayesoma ataiona C yako na ataona pia kwamba somo lenyewe unalitumia. Kaanze na misumari. Maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani hayafungwi mapema.